YAH: MALALAMIKO KUHUSU BOTI YENU KUTUACHA KASEKELA, HIFADHI YA GOMBE

Kwa Meneja,
Ofisi ya Boti za Abiria,
Kibirizi, Kigoma.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa mjini, na ninakuandikia kwa niaba ya wanafunzi 11 niliowapeleka Hifadhi ya Taifa ya Gombe kwa boti yenu. Nauli ya kwenda na kurudi tulilipa ofisini kwenu, stakabadhi ninaiambatisha, na karani alituhakikishia kwamba kesho yake asubuhi boti itokayo kijiji cha Mwamgongo, kaskazini mwa hifadhi, ingetupitia Kasekela.

Safari ya kwenda haina lawama. Asubuhi ya kurudi tulikuwa ufukweni kabla jua halijachomoza vizuri. Boti ikaonekana, tukapunga mikono na vitenge, lakini nahodha alipita bila hata kupunguza mwendo. Nilipompigia simu karani wenu, alinijibu kwamba boti ilikuwa imejaa, na kwamba abiria wa Gombe ni watalii, wanaweza kusubiri.

Jibu hilo limeniumiza kuliko kuachwa kwenyewe. Gombe haifikiki kwa barabara. Mwenye gari na asiye nalo wote hupita majini, ila mwenye fedha hukodi boti yake peke yake, na sisi tuliobaki hutegemea yenu. Ni kilomita 16 hivi kutoka mjini hadi mahali ambapo Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwemtu mwaka 1960, na hata hivyo, kati ya wanafunzi wangu, waliozaliwa na kukulia Kigoma, hakuna aliyewahi kupakanyaga kabla ya safari hii.

Tulirudi kwa boti ya kukodi iliyotufikia saa nane mchana, upepo ukiwa umeshalichafua ziwa, huku wazazi wakisubiri Kibirizi tangu asubuhi bila taarifa yoyote.

Ninaomba mrudishe nauli ya kurudi ya watu 12 pamoja na gharama ya boti tuliyokodi. Aidha, ninaomba majina ya abiria wa Kasekela waliokwisha kulipa yaandikwe na kukabidhiwa nahodha, ili nafasi zao ziachwe wazi tangu Mwamgongo. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
Kigoma.