Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Tiba Asili

Ndugu wanachama,

Mwezi wa tatu mama mmoja alifika ofisini kwetu na kopo la unga wa mlonge wa mwanachama mwenzetu. Lebo inasema: "Inamaliza kisukari ndani ya siku 21." Mume wake aliiamini, akaacha sindano za insulini. Siku ya tisa akakimbizwa hospitali hajitambui. Tunamshukuru Mungu alipona. Mama yule hakuja kudai fedha zake. Aliuliza tu: "Nani aliwaambia muandike hivi?" Sikuwa na jibu.

Swali lile ndilo lililoongoza kazi ya kamati mwaka mzima, mpaka tukapata mwongozo wa matangazo ambao leo nawaomba muupitishe. Mlonge una lishe nzuri, tuseme hivyo. Kama wazee wamekuwa wakiutumia kwa jambo fulani, andika "hutumika kwa", usiandike "inaponya". Mgonjwa aliyekata tamaa hasomi kama mimi na wewe, hushika neno moja akaondoka nalo. Na mwanachama yeyote asimwambie mtu aache dawa za hospitali, iwe kwenye lebo, redioni au kwa WhatsApp. Mnakumbuka Samunge kule Loliondo mwaka 2011, kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na waliorudi nyumbani wakaacha ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI.

Lipo pia neno tunalolipenda mno: "haina madhara kwa sababu ni ya asili." Muhogo mchungu nao ni wa asili, na wote tunajua unachofanya usipoandaliwa vizuri. Neno hilo lifutwe.

Ushuhuda wa wateja utumike kwa idhini yao ya maandishi, na asilipwe mtu kutoa ushuhuda. Atakayekutwa anasagia vidonge vya hospitali ndani ya dawa ya nguvu za kiume, huyo hatuna cha kujadiliana naye. Atafutwa uanachama na taarifa itapelekwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Baadhi yenu mmeniuliza tutauzaje tukisema kidogo. Pakanga ilitumika China karne nyingi, lakini heshima yake duniani ilitokana na kupimwa maabara, ikazaa artemisinini inayotibu malaria hadi leo. Mtafiti wa China aliyeongoza kazi hiyo, Tu Youyou, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sisi tunaye Mkemia Mkuu wa Serikali, tunayo Muhimbili. Tupeleke dawa zetu zikapimwe, kisha tutangaze kilichoonekana.

Hesabu zimekaguliwa, mweka hazina atazisoma baada yangu.

Lebo za zamani zirudishwe ofisini kabla ya tarehe 31 Machi. Gharama za kuchapa mpya chama kitachangia nusu. Mwenzetu mwenye kopo lile alikwenda mwenyewe kuiomba radhi familia ile, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta lebo zake, maboksi mawili.