Kwa vijana wa Kibirizi na Katonga, Ziwa Tanganyika, mnaohesabu kura za mwaloni, pale wavuvi wanapotua

Mwakeye wanangu,

Jedwali lenu la kura limenifikia. Jasho limetoka, nimeliona. Lakini juu yake mmeandika "Ngome ya upinzani" kwanza, namba zikafuata nyuma. Neno hilo limeandama Kigoma tangu Dk. Aman Kabourou alipoichukua Kigoma Mjini kwa tiketi ya CHADEMA katikati ya miaka ya 1990, na limewapotosha wengi.

Pangeni kura za urais, ubunge na udiwani bega kwa bega, kituo kwa kituo, kutoka fomu za matokeo zinazobandikwa nje baada ya kuhesabu. Zipigeni picha jioni ileile, maana Oktoba ni mvua na upepo wa ziwani hauna adabu. Mwaka 2010 mkoa huu ulitoa wabunge wanne wa NCCR-Mageuzi, kutoka majimbo ya Muhambwe, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Kigoma Kusini. Mgombea urais wa chama hichohicho hakufikisha hata asilimia moja nchi nzima. Zitto Kabwe alishinda Kigoma Kaskazini kwa CHADEMA mwaka 2005 na 2010, kisha Kigoma Mjini kwa ACT-Wazalendo mwaka 2015. Mgombea binafsi haruhusiwi kwetu, kwa hiyo kila mtu lazima apande chombo cha chama fulani, na watu wa hapa humtazama zaidi nahodha. Kura ya ubunge peke yake haiwaambii mtaa ni wa chama gani.

Sasa mwezi, ambao kwenye jedwali haupo kabisa. Taa haivuti dagaa mwezi ukiwaka, hivyo siku za mwezi mpevu vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, hupumzika na wavuvi hushona nyavu nchi kavu. Uchaguzi mkuu wa 25 Oktoba 2015 ulifanyika siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Ule wa 28 Oktoba 2020, siku tatu kabla. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 24 Novemba 2019 na wa 27 Novemba 2024 zote mbili ziliangukia kwenye giza, siku ambazo usiku hauna mbalamwezi. Msimu wa giza mvuvi hutoka jioni, hurudi alfajiri, huuza, halafu usingizi humchukua, na kituo hufungwa saa 10 jioni. Mwingine yuko kambi ya mbali, na aliyejiandikisha Kibirizi hawezi kupigia kura Kagunga. Wanaobaki kwenye foleni ni akina mama waanikaji, wauza maduka na wazee. Mkilinganisha sanduku la giza na sanduku la mbalamwezi, mnalinganisha watu tofauti huku mkidhani wamebadili mawazo. Tena uchaguzi wa mitaa una orodha yake ya wakazi, inayoandikwa upya, wala si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linalotumika uchaguzi mkuu. Aliyemo humo si lazima awemo kule.

Ule wa 2019 uondoeni kabisa, kwani vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa. Na 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura. Msiandike kwamba "imeporomoka".

Hesabu yenu ya asilimia nayo ina tundu. Chukulieni kituo cha mfano chenye wapiga kura 400. Wamekuja 220, kura 6 zimeharibika, halali ni 214: chama A kura 120, chama B kura 94. Mtasema A kina asilimia 56. Kwa walioandikishwa ni asilimia 30 tu. Uchaguzi unaofuata waandikishwa ni walewale 400, wanakuja 300, zinaharibika 5, A kinapata 122 na B kinapata 173. Sasa A kina asilimia 41 na mtaani watasema kimekimbiwa, ilhali kimeongeza kura mbili. Kilichotokea zaidi ni watu 80 kutoka nyumbani. Hata hapo msiape: fomu haisemi nani alihama na nani alikuja mara ya kwanza. Kwa hiyo kila mstari uwe na safu tano: walioandikishwa, waliopiga, zilizoharibika, kura za kila chama, na hali ya mwezi.

Kosa jingine ni dogo lakini limewavuruga. Mmechora ramani inayoonyesha kituo cha kwanza cha shule "kimeegemea huku" na cha pili "kule". Vituo vya sehemu moja hugawanywa kwa alfabeti ya majina, si kwa nyumba. Jumlisheni vyote vya shule hiyo kabla ya kusema lolote. Kwa njia hiyo pia hamtamwanika mtu, kwa sababu kwenye kituo kidogo chama chenye kura tatu hujulikana ni za akina nani kabla jua halijazama.

Mwisho ni safu ile ya kushoto, ya kabila na dini. Fomu haina habari hiyo, mmeijaza kwa kukisia majina. Katika mkoa ambao mtu huamka akaulizwa kama ni raia kwa sababu tu ya lafudhi yake, karatasi ya namna hiyo ikidondoka mikononi mwa mtu mbaya haitatumika kwa takwimu. Ifuteni leo, na nakala iliyo kwenye simu pia.

Mzee wenu, Ujiji