Barua ya wazi kwa meneja wa umeme wa wilaya yetu: hesabuni kila laini peke yake

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi nina mashine ya kusaga huku mwisho wa laini. Mkutanoni ulitusomea wastani wa wilaya wa kukatika kwa umeme, ukasema hali si mbaya. Wastani sibishani nao. Nabishana na jinsi wastani huo unavyotutendea sisi wa mwisho.

Hesabu yake ni hii: saa za kukatika huzidishwa kwa idadi ya waliokosa umeme, kisha hugawanywa kwa wateja wote. Tuseme transfoma moja ina wateja 120 na wamelala giza saa 30. Gawanya kwa wateja 20,000 wa wilaya nzima, unapata dakika 11, tena hazifiki. Saa 30 zimeshamezwa.

Na hapo ni umeme ukikatika wote. Juzi fyuzi moja ya transfoma iliungua, fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, ikapotea. Jirani zangu wawili taa zinawaka, mimi mota yangu inayotaka fezi zote tatu inanguruma haizunguki. Nilichelewa kuzima, koili zikaungua, na fundi wa kusuka mota hana bei ya huruma. Mafundi wenu walipofika waliandika saa niliyopiga simu. Fezi ilikuwa imeondoka tangu usiku.

Halafu kuna kule kuzima na kurudi kwa sekunde mbili tatu. Kiwango cha Marekani cha kupima kukatika kwa umeme, IEEE 1366, huacha nje ya wastani huo kukatika kote kusikozidi dakika 5. Lakini mara nyingi ni tawi linalogusa waya upepo ukivuma. Mwandike hata hizo, laini kwa laini, pamoja na chanzo: tawi, kikombe cha kushikia waya kilichopasuka, nguzo. Daftari la namna hiyo litakuonyesha pa kuanzia bila kusubiri simu yangu.

Nguzo ya tatu kutoka kwangu, kwa mfano. Ukiitazama ni nzima, rangi yake ya dawa bado ipo. Nilifukua udongo kidogo nikaichoma usawa wa ardhi, bisibisi ikazama kama kwenye papai bivu. Nguzo za mti huozea hapo, unyevu na hewa vinapokutana, na anayekagua kwa macho akiwa ndani ya gari hawezi kupaona. Watume watu na nyundo wazigonge zote kabla ya masika.

Mimi nipo mashineni kila siku, isipokuwa Ijumaa mchana. Bisibisi ninayo.

Mteja wako wa nguzo ya mwisho