Kaka, LIVAPOOL bado ipo

Shikamoo, kaka.

Nimeipata ile kadi ya kuhifadhia magemu yetu. Ilikuwa chini kabisa ya boksi la nyaya, ile nyeusi ya MB 8, na karatasi uliyoibandika bado imeandikwa USIGUSE kwa mwandiko wako. Nikaichomeka kwenye PlayStation 2 bila matumaini yoyote. Mashine ikaguna, diski ikazunguka, na mafaili yetu yakatokea moja baada ya jingine. Nilikaa pale sakafuni muda mrefu hata kabla ya kubonyeza kitu.

Nimeanza na PES 6, lile gemu la mpira wa miguu la 2006. Unakumbuka haikuwa na ruhusa ya kutumia majina ya klabu nyingi za Uingereza. Arsenal na Manchester United zilikuwa na majina yao, lakini Chelsea iliitwa London FC, na timu yako ikaitwa Merseyside Red. Uliona ni matusi. Ukaingia sehemu ya kuhariri, ukawa unasogeza kishale kwenye safu za alfabeti, unachagua herufi moja, unarudi, unachagua nyingine. Ukaandika LIVAPOOL. Niliona kosa, kaka. Lakini wewe ndiye mkubwa, na padi ya kwanza ilikuwa mkononi mwako, nikanyamaza. Juzi nikaifungua menyu ileile ili nirekebishe. Kishale kilipofika kwenye ile A, mkono ukakataa. Nikatoka bila kusevu.

Gemu lenyewe lina kasoro ambazo utotoni sikuziona kabisa. Refa anapuliza filimbi mtu akiguswa bega tu. Golikipa anautema mpira mbele ya mshambuliaji, tena shuti jepesi ambalo angelidaka kwa mkono mmoja. Ukitaka kubadili mchezaji, mashine inakupa yule aliye mbali. Siku zile kila kimoja kati ya hivi kilikuwa chanzo cha ugomvi kati yetu. Ulikuwa unaapa kabisa kwamba refa ananipenda mimi. Sasa najua alikuwa anamwonea kila mtu.

Ila mpira wenyewe una uzito. Pasi ya chini inachelewa kidogo ikimfikia mtu aliyegeuka vibaya, na inabidi usubiri mwili wake ukae sawa kabla hajapiga. Nikamchukua Adriano wa Inter, yule tuliyekatazana kumchukua kwa sababu nguvu ya shuti lake ilikuwa 99. Nikampa mpira mbali kabisa na boksi, nikashikilia kitufe. Golikipa aliruka wakati mpira umeshatikisa wavu. Nikageuka upande wako kukuangalia, kaka.

Halafu Master League, ile sehemu ya PES ya kuendesha klabu yako msimu hadi msimu. Castolo, Minanda, Ximelez, na Ivarov golini. Hawa watu hawakuwahi kuwepo popote duniani, lakini nawafahamu kuliko nusu ya wachezaji ninaowaona kwenye televisheni. Unaanza nao wakiwa dhaifu, pointi chache mkononi, na pointi zisipotosha mishahara mwisho wa msimu, gemu limekwisha. Ndiyo maana bao la Castolo dakika za mwisho lilitufanya turuke. Lilikuwa bao la mishahara.

San Andreas, lile gemu la GTA, nayo nimeigusa. Shule ya urubani bado inanitesa, na kulenga shabaha kwa padi ni kazi nzito kuliko nilivyokumbuka. Lakini nilimpandisha CJ, mhusika mkuu, kwa baiskeli hadi kilele cha Mlima Chiliad, nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na ukungu wa rangi ya chungwa, na mji haukuonekana. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya MB 32 tu, haikuweza kuchora mbali, kwa hiyo macho yakaishia kwenye ukungu. Ndio uliotufanya tuamini kwamba nchi ile haina mwisho. Toleo lililoboreshwa la 2021 lilipotoka, ukungu haukuwepo, na ukiwa juu unaiona ramani nzima hadi ng'ambo, ndogo kama kitambaa cha meza. Sijawahi kuona jambo linalonionyesha vizuri hivyo kazi iliyofanywa na kitu ambacho watu walikiita upungufu.

Kuna gemu jipya nililinunua mwezi uliopita ambalo sitalitaja. Lilipakua masasisho usiku kucha, na nilipoanza kucheza mhusika wangu akazama ardhini hadi shingoni. Ramani yake imejaa alama kama upele. Nimelifuta.

Lililonigusa ni It Takes Two, la 2021. Halichezeki na mtu mmoja, kaka. Limetengenezwa hivyo: mke na mume wanaotaka kuachana wanageuka vikaragosi, mmoja anashika nyundo, mwenzake anarusha misumari ukutani ili wa kwanza apate pa kuning'inia. Nalicheza na binti yangu. Lina kile kitabu kinachoongea, kinachotukatiza kila tunapopata mwendo, na maneno yake ni mengi mno. Na kuna tembo wa kuchezea, mpole kabisa, ambaye wazazi wale wanamburuta huku anaomba aachwe, na gemu linakulazimisha ubonyeze vitufe wewe mwenyewe. Binti yangu aliweka padi chini. "Baba, mimi sifanyi." Tulizima hapo. Naona waliotengeneza walikosea sana sehemu ile, na bado sijacheza kitu bora kuliko hicho kwa miaka mingi. Kesho yake alirudi mwenyewe, akaniambia nimalizie ile sehemu yeye akiwa chumba kingine, kisha nimwite.

Ligi yetu imesimama ulipoiacha: daraja la pili, nafasi ya tatu, mechi nne zimebaki. Sijacheza hata moja. Nimesafisha padi zote mbili kwa pamba na spiriti. Ile yenye kitufe cha duara kinachonasa nitaishika mimi, kama kawaida.