Simu na masikio: tunachokiogopa sicho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie madhara ya simu za mkononi kwa usikivu, kwa sababu kila mada hii inapozuka, mazungumzo hukimbilia kwenye mionzi. Ni kweli kwamba mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mionzi ya mawimbi ya redio, ikiwamo ya simu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Lakini kundi hilo ni la tahadhari, tena halihusu usikivu. Kinachojulikana bila shaka kuharibu usikivu ni sauti kubwa inayomiminwa sikioni kwa muda mrefu.

Ndani kabisa ya sikio mna chembehai zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva ziendazo kwenye ubongo, na zikishakufa hazioti nyingine. Kwa hiyo Shirika hilo, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitoa mwaka 2019 kiwango cha usikilizaji salama, kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu, hivyo anayesikiliza kwa desibeli 89 ana saa 5 tu kwa wiki nzima, ambazo mkazi wa Mbagala afanyaye kazi Kariakoo anaweza kuzimaliza kabla ya Alhamisi kwa foleni zetu hizi.

Tena abiria huyo hapandishi sauti kwa kupenda. Anashindana na injini, honi, redio ya dereva na konda anayeita vituo, na onyo likitokea kwenye kioo cha simu, analifuta bila kulisoma. Simu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti, ila sijapata kumwona muuzaji akimwonyesha mteja, ingawa kumwekea WhatsApp humwekea.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Ningependa ituambie kupitia safu hii kama kiwango hicho cha 2019 ni miongoni mwa masharti yake, na kama sicho, ni lini kitakuwa.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam