Barua kwa kaka yangu aliyenionea haya

Kaka,

Shikamoo. Najua utaisoma hii kabla hujajibu ujumbe wangu, maana kila ninachoandika hapa hukufikia kupitia kwa wifi.

Mama ameniambia kwamba tangu mfike Ontario, jimbo hili la Kanada ninaloishi, unafanya kibarua cha usiku kwenye ghala, na mchana unatuma maombi ya ofisini ambayo hayajibiwi hata kwa kukataliwa. Mama ndiye aliyeniambia, si wewe, na gari langu linafika kwako kwa saa mbili tu. Sikucheki. Shahada yako ni ya kweli na ulisota kuipata. Lakini huku uhandisi una leseni yake, na mpaka uipate sheria haikuruhusu hata kujiita mhandisi. Iombe. Ila watoto hawasubiri leseni ndipo wale.

Ndiyo maana narudia nililokuambia kabla hujapanda ndege: ingia kwenye ufundi. Umeme, kazi yangu mimi, hapa Ontario ni fani ya lazima, huruhusiwi kuifanya kama hujasajiliwa na Skilled Trades Ontario, taasisi ya jimbo inayosajili mafundi. Njia yake ni uanagenzi, yaani kujifunza ukiwa kazini, wa saa 9,000, karibu miaka mitano. Darasani ni saa 840 tu, kwa awamu tatu. Saa zilizobaki uko kazini na unalipwa. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, nisikudanganye, ila hupanda kwa kila hatua, na ukiwa darasani unaweza kuomba malipo ya bima ya ajira. Mwisho kuna mtihani, wa kupita kwa asilimia 70, na ukipata muhuri wa Red Seal, ambao ni wa Kanada nzima, majimbo mengine yanakutambua bila kukutahini upya. Ukiona umeme ni mrefu, useremala ni saa 7,200 na si fani ya lazima.

(Ninyi wengine mnaosoma, mliokuwa mafundi tangu nyumbani, msikubali kuanzishwa sifuri. Ombeni tathmini ya uzoefu wenu, mkiwa na barua za waajiri zinazotaja saa na kazi mlizofanya. Mkikubaliwa mnakwenda moja kwa moja kwenye mtihani.)

Kikwazo ni kupata mwajiri wa kukuchukua kama mwanagenzi. Wengi hukwama hapo, kwa sababu fundi hamchukui asiyemjua. Mimi nina mtu. Ningekuwa nimeshampigia kama si ile siku ya mazishi ya Baba.

Msemaji wa familia alikuwa anatutambulisha mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshasimama. Ukakichukua kipaza sauti mkononi mwake, ukasema, "Huyu mdogo wetu yuko Kanada, anasomea udaktari wa meno." Wakwe zako mstari wa mbele wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nimesimama pale, kovu la bisibisi kwenye kidole gumba, nisijue nikane mbele ya jeneza au ninyamaze. Nikanyamaza. Jioni mzee mmoja wa jirani akanivuta pembeni, akafungua kinywa, akanionyesha jino. Nikamwambia asukutue maji ya chumvi. Kwa ajili yako, Kaka, nilimtibu mzee wa watu.

Na Baba alijua kazi yangu! Nilipomweleza kwenye simu kwamba huku waya mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro, alishtuka, kwa kuwa kwenye nyumba yetu, ya nyaya za zamani, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ndio nyutro. Akaniuliza, "Sasa fundi wa hapa akija huko si atakufa?" Nikamwambia ndiyo maana wananisomesha upya. Alicheka mpaka Mama akamnyang'anya simu. Baada ya hapo kila mgeni aliyeingia alisimuliwa habari ya nyaya za bintiye. Kwa hiyo ule uongo haukuwa wa kumsitiri yeye.

Watu husema niliingia ufundi kwa kukosa. Nilipiga hesabu: sikutaka kukopa nisome tena miaka minne ili niishie kuomba kazi kama unavyoomba wewe. Ndiyo, nimepanda ngazi kwenye baridi inayouma mifupa, na kuna wanaume walionipa ufagio wakidhani nimekuja kusafisha. Lakini sina deni la mtu. Na bili ya hospitali ya Baba, unajua ilitoka kwenye mshahara gani… basi, hilo tuliache, si la hapa.

Wewe una kichwa cha hesabu kuliko mimi. Michoro ambayo mimi niliisotea mwaka, wewe utaielewa kwa mwezi. Hilo sijawahi kulikana, hata nilipokuwa na hasira.

Namba ya mtu wangu nitampa wifi Jumapili. Viatu vyenye chuma mbele nunua mwenyewe, vizuri, usibane pesa hapo. Lakini utampigia wewe, si mimi. Na akikuuliza ni nani aliyekuelekeza kwake, mwambie ni dada yako, na umwambie anafanya kazi gani.