Barua ya wazi kwa kaka yangu anayesema mashindano ni ya watoto

Assalaamu alaykum, kaka yangu mpendwa. Shikamoo.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu maneno ninayoyajibu nawe uliyasema hadharani, siku ya Idd, mbele ya watoto na wajukuu, biriani ikiwa bado iko kwenye sinia. Uliitazama medali ya mbio niliyoitundika ukutani, ukaigeuza, ukasoma maandishi yake, kisha ukasema kwa upole ulioniuma kuliko kama ungenikemea: "Mazoezi sikukatazi, lakini mashindano ni ya watoto. Mtu wa miaka 63 anashindana na nani?" Watu walinyamaza, nami nikanyamaza kwa heshima yako. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilijibu swali lako kila alfajiri ninapopita Fort Jesus kuelekea ufukwe wa Mama Ngina, hapa Mombasa. Leo nimeona niliandike jibu lenyewe, kwa kuwa najua katika mabaraza ya Mji wa Kale wako wengi wanaouliza kama ulivyouliza, na wako wanawake wa rika langu walioacha kujisajili kwa kuogopa kuulizwa.

Nianze na maneno yako mwenyewe. Miaka ya 1980, ulipokuwa mlinda lango wa timu ya wafanyakazi wa bandarini, msimu ulipokwisha hukuwa ukiamka mapema hata kwa kuvutwa. Marehemu mama alikuuliza kwa nini umeacha mazoezi, ukamjibu kwamba kujifua bila mechi ni sawa na kupika katika nyumba isiyo na mlaji. Sikuwahi kuyasahau maneno hayo, na nilipostaafu ualimu nikayaona kwa macho yangu. Daktari aliipima presha yangu, akaniambia nitembee. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi dakika hizo 150 nilikuwa nikizipata kwa mwezi. Mvua ikinyesha, sitoki. Mgeni akija, sitoki. Nikiamka na uvivu, najiambia kesho ipo. Niliishi hivyo miaka miwili, nikiamini kwamba nafanya mazoezi.

Kisha, nikiwa na miaka 58, jirani yangu alinilipia ada ya mbio za kilomita 10 bila kuniuliza. Zilibaki wiki tisa. Niliizungushia siku ile duara kwenye kalenda ya jikoni, na katika wiki hizo tisa sikukosa kutoka hata siku moja niliyojipangia. Mvua ilikuwa ile ile na wageni walikuwa wale wale. Kilichoongezeka ni tarehe, na watu ambao wangeniona siku hiyo nimejiandaa au sikujiandaa. Unaposema mazoezi hunikatazi ila mashindano, kaka, unaniachia jiko na kuniondolea mlaji.

Siku yenyewe nilifanya kosa la mgeni. Filimbi ilipolia niliondoka na vijana, na kufikia kilomita ya tatu nilikuwa natembea, kichwa kinazunguka na mdomo umekauka. Nilimaliza wa tatu kutoka mwisho kwa saa 1 na dakika 34. Ulidhani nilirudi nyumbani na aibu, kumbe nilirudi na namba. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilikuwa na kipimo changu ambacho hakikutoka hospitalini, na nilijua mahali hasa nilipokosea. Mwaka huu umbali ule ule nimeukimbia kwa saa 1 na dakika 16. Nimezeeka miaka mitano na nimepunguza dakika 18.

Najua utaniambia ujana ni moshi, ukienda haurudi. Nakubaliana nawe kabisa, na ningependa uelewe kwamba mashindano ya watu wazima yamejengwa juu ya ukweli huo, hayakujengwa kuukana. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takribani asilimia 10 kila baada ya miaka 10 tangu mtu apite miaka 30, ingawa kwa anayejizoeza hupungua polepole zaidi. Misuli nayo husinyaa, na hutangulia nyuzi zile za kasi zinazotuwezesha kuruka na kujizuia tunapojikwaa. Kwa sababu hiyo riadha ya maveterani, ambayo mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Toronto mwaka 1975, huwagawa washiriki kwa makundi ya miaka mitano mitano kuanzia miaka 35: wa 60 hadi 64 hushindana wao kwa wao, wa 65 hadi 69 vivyo hivyo, na kuendelea hadi wenye zaidi ya miaka 90. Tazama jambo hili linavyoigeuza siku ya kuzaliwa. Hapa kwetu mtu akitimiza miaka 70 tunampelekea kiti chenye mgongo. Katika makundi hayo, siku anayotimiza 70 ndiyo siku anayokuwa kijana kuliko wote aliokutana nao kwenye kianzio. Wewe utatimiza 70 mwezi wa nane, kaka.

Kuna pia hesabu ya kuwalinganisha watu wa umri tofauti, nayo inapendeza sana. Huchukuliwa muda bora unaotambuliwa kwa mtu wa umri na jinsia yako, ukagawanywa kwa muda wako, ukapata asilimia. Tuseme muda bora kwa umri wako ni dakika 50 nawe umetumia 75. Umepata karibu asilimia 67, na kijana aliyekupita kwa dakika 15 huenda akawa na asilimia ndogo kuliko yako. Mimi niliyefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 30 sijaona njia ya haki zaidi ya kumpima mtu.

Hapa nitasema lawama yangu, maana ninayo. Katika mbio kadhaa nilizoshiriki hapa pwani, waandaaji hutenga kundi moja tu la wakubwa, kuanzia miaka 45, bila mwisho. Maana yake mimi wa 63 napangwa na mama wa miaka 46 ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na zawadi zote tatu huenda kwa walio chini ya 50. Niliwaandikia waandaaji wa mbio moja, nikaambiwa wazee huja kwa kujifurahisha tu. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko swali lako, kwa kuwa wewe hukuwahi kutuona tukikimbia, na wao wametuona. Gharama ya kuongeza makundi ni karatasi chache za matokeo na medali chache, na faida yake ni kwamba mzee anayesita atajua kuna nafasi iliyowekwa kwa ajili yake.

Wako waliochelewa kuanza kuliko mimi. Olga Kotelko wa Kanada alikuwa mwalimu mstaafu kama nilivyo mimi, na riadha aliianza akiwa na miaka 77. Alirusha mkuki na tufe, akaruka kwa umbali, akakimbia mita 100, na alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95 alikuwa ameweka rekodi nyingi za dunia za rika lake. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, Ed Whitlock, alijifua kwa kuzunguka ndani ya eneo la makaburi karibu na kwake, siku nyingine kwa muda wa saa tatu. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, akawa mtu wa kwanza aliyepita miaka 70 kukimbia marathoni chini ya saa tatu. Siwataji ili ujilinganishe nao, kwa kuwa mimi mwenyewe sijilinganishi nao. Nawataja kwa kuwa walipanga mstari, wakapimwa, na matokeo yao yakaandikwa kama ya mtu mwingine yeyote.

Hofu yako moja naiheshimu, nayo ni ya afya, hasa kwa fukuto letu. Unakumbuka tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipoletwa Mombasa? Tulisimama pamoja kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari, mimi nikiwa na miaka 45, wewe ukiwa na mwavuli. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikuwa ameshinda miaka mitano mfululizo, alijitoa kabla ya kumaliza kilomita 12 za wanaume, na ushindi ukamwendea Zersenay Tadese wa Eritrea. Wanariadha wengi wa nguvu zao walishindwa na joto siku ile. Uliniambia, "Hewa hii haimjui bingwa." Nimelifanya neno lako hilo kuwa kanuni. Hewa yetu imebeba unyevu mwingi, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka haliupozi mwili. Kwa hiyo wakati wa kaskazi natoka mara tu baada ya swala ya alfajiri na jua likipanda niko nyumbani, na katika Ramadhani natembea tu, karibu na kufuturu. Buibui jeusi nimeliacha kwa ajili ya barabarani. Nakimbia na suruali pana, vazi jepesi la mikono mirefu na mtandio niliofunga vizuri, na hakuna aliyewahi kunivunjia heshima.

Daktari wangu hunipima moyo na presha kila mwaka kabla sijajisajili. Nilipokuwa natumia vidonge vya presha vinavyotoa maji mwilini, alivibadilisha tuliposhauriana kuhusu joto, na akanionya kwamba mtu wa umri wetu huchelewa kuhisi kiu, ingawa kujimiminia maji matupu kupita kiasi nako ni hatari kwa sababu huishusha chumvi ya damu. Nikibanwa kifua au nikiona kizunguzungu, nasimama, hata kama utepe nauona kwa macho. Mara moja nilisimama zikiwa zimebaki mita 600, nikakaa kivulini chini ya mbuyu. Mbio zile hazikuniondoka rohoni kwa mwezi mzima, lakini nilisimama.

Ulisema pia kwamba umri wetu ni wa tasbihi. Kaka, wewe ndiwe uliyenisomesha Kurani chuoni, kwa hiyo nakukumbusha tu unalolijua: imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa mara ya kwanza, na miaka ilipopita Bibi Aisha akiwa amenenepa wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kwamba hii ni malipo ya ile. Naye wakati huo alikuwa amepita miaka 50. Walihesabu, na aliyeshindwa mara ya kwanza alikumbuka.

Sasa acha nilijibu swali lenyewe, nashindana na nani. Nimewasikia wengi wakisema wanashindana na nafsi zao, na pengine ni kweli kwao. Mimi nashindana na mtu. Ni muuguzi mstaafu wa Likoni, ana miaka 62, huvuka kwa feri kabla ya mapambazuko ili akimbie upande wetu wa kisiwa. Amenishinda mara mbili, mojawapo kwa sekunde nne, nami nimemshinda mara tatu. Namjua kwa mgongo wake: akianza kuinamisha bega la kushoto najua amechoka, naye anajua kwamba mimi hupunguza mwendo kwenye mteremko kwa sababu ya goti. Mume wangu alipofariki, watu walikuja hitimani, wakanifariji, wakarudi makwao, Mungu awalipe. Yeye alinipigia simu siku ya arubaini na moja na kuniuliza, "Umetoka leo? Mimi nimetoka." Nilivaa raba nikatoka, kwa sababu nilijua kwamba asubuhi ile kule Likoni kulikuwa na mtu anayejiandaa kunishinda. Tangu nimzike mume wangu hakuna mtu mwingine aliyenitarajia nifanye jambo kwa nguvu zangu zote. Wengine wote, kwa mapenzi yao, hunitarajia nipumzike.

Magoti yako siyasahau. Hukimbii, na sikuombi ukimbie. Mwezi wa tisa kuna kilomita 5 za kutembea, na safari hii waandaaji wamekubali kutenga kundi la miaka 70 na zaidi. Wamejisajili wanaume wanne tu mpaka sasa, mmoja wao ni yule mshambuliaji aliyekufunga bao la kichwa na ambaye hadi leo unadai alikuwa ameotea. Ada yako nimeilipa. Jumamosi baada ya swala ya alfajiri nitakuwa mlangoni kwako, tutatembea taratibu hadi Lighthouse, tunywe madafu, turudi kabla jua halijawa kali. Umwambie wifi asikufungie mlango.

Wasalaam,
Mdogo wako